Kava Gumu la Pikapu Yangu na Mpunga wa Mama

Wenzangu mliokulia bonde la Kilombero kabla ya lami, nyinyi nitawaeleza na mtanielewa. Watoto wetu tutawaeleza mpaka tuchoke. Hawajui ilivyokuwa kurudi kutoka shamba ukiwa umekaa juu ya viroba vya mpunga, upepo unakupiga usoni, milima ya Udzungwa imekaa kule mbali kama vile nayo inasubiri mavuno, na wewe unajiona hakuna mtoto wa tajiri anayekushinda kwa lolote.

Shamba halikuwa mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Tulihamia. Mvua zikianza, mama alifunga vyombo, kuku wakaingizwa kwenye tenga, nyumba yetu ya Kibaoni ikapigwa kufuli, na familia nzima ikaenda kuishi Michenga kwenye kibanda cha nyasi mpaka mpunga uvunwe. Mkaguzi akija shuleni kuuliza wanafunzi wako wapi, mwalimu alijibu, "Wako shamba," bila hata aibu, maana mke wake naye alikuwa shamba.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Nilikaa juu ya dungu na kombeo langu tangu jua linachomoza, nikipiga kelele mpaka sauti inakauka. Njaa ikizidi, nilisikia harufu ya pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa chunguni na kutwangwa ungali wa moto mpaka unakuwa bapa. Ukichanganya na kipande cha kambale wa kubanikwa, umemaliza. Wanangu wanakula vitu vya kwenye boksi vyenye picha ya katuni, halafu wananiuliza pepeta ni nini. Nimewaletea. Mmoja akasema, "Baba, hii imekaa kama karatasi." Nikala peke yangu, na nikafurahi imebaki nyingi.

Upande wetu kulikuwa na pikapu moja tu, ya Mzee Kalisti. Milango yake ilikuwa ya rangi mbili tofauti, na mmoja ulifungwa kwa mpira wa tairi. Ilikuwa mali yake, lakini bodi ya nyuma haikuwa yake. Hiyo ilikuwa ya kila mtu. Ukisimama kando ya njia na ukainua mkono, Mzee Kalisti anasimama. Una mgonjwa, panda. Una kuku, panda. Una baiskeli iliyokatika mnyororo, itupie humo na wewe panda. Hakuna aliyeuliza nauli, na hata dereva mgeni hakuthubutu kupita bila kusimama, kwa sababu jina lake lingefika Ifakara kabla ya gari lake.

Ni desturi nzuri. Naisifu mpaka leo. Lakini wanaoikumbuka kwa machozi ya furaha hawasemi yote, na mimi nitasema.

Mwaka mmoja tulipakia mpunga wetu wote kwenye pikapu ile. Mama aliufunika kwa turubai, akalikaza kwa kamba pande zote. Mpunga ule ulikuwa na kazi maalumu: dada yangu Skola alikuwa amefaulu kwenda sekondari, na hakukuwa na kitu kingine nyumbani cha kumpeleka. Tukaondoka. Njiani watu wakainua mikono, tukasimama, wakapanda. Tukasimama tena, wakapanda wengine. Kisha mvua ikashuka, ile ya mwisho wa masika inayokuja bila salamu. Watu wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Wakafungua kamba, wakalivuta turubai, wakajifunika wao.

Namkumbuka mama akipiga kelele, "Jamani mpunga wangu! Jamani!" Na mama mmoja kutoka chini ya turubai akamjibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, mpunga utaanikwa. Mtoto huyu akipata homa nitamwanika?"

Ungemjibu nini?

Tuliuanika kweli, lakini jua halikutoka. Viroba vikapata joto ndani, punje zikaota, na mwaka ule tulikula wali mweusi wenye harufu ya gunia bichi. Skola alibaki nyumbani. Alipokuja kwenda shule, wenzake wa darasa moja walikuwa wamemtangulia, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kusema.

Basi mimi nikakua na pikapu kichwani. Sikurithi kitu. Nilisoma kwa kubeba matofali likizo, nikapata stashahada ya ufundi mitambo, nikaenda kutengeneza mashine kubwa kwenye migodi ya Kanda ya Ziwa, mashine ambazo tairi lake moja linakuzidi urefu. Wengi waliokwenda kule wamerudi na miwani ya jua na hadithi. Mimi nimerudi na mashine ya kukoboa, nyumba ya bati la rangi la msauzi na pikapu ya milango minne ambayo milango yake yote ni ya rangi moja. Nasema hivi bila kuomba radhi. Anayeona najisifu aje ahesabu mabati.

Nilipotangaza kwamba naifunga bodi ya pikapu kwa kava gumu, lenye kufuli, mtaa mzima ulipata kazi. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wakaanza, "Bosi, humo utabeba maiti au barafu?" Shangazi Tekla, dada yake marehemu baba, hakutania. Alikuja nyumbani, akakaa, akakataa chai.

"Nimesikia unataka kulifanya gari kuwa sanduku."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sanduku la nini? Baba yako, na baiskeli yake tu, hakuwahi kumpita mtu njiani. Wewe umesoma, umerudi, sasa unatufungia mlango?"

"Shangazi, mpunga wa mama unalowa."

"Mpunga umelowa tangu dunia iumbwe. Watu watakaa wapi?"

Mama alikuwa amekaa kando anachambua mboga. Ni lazima niwaeleze kuhusu mama. Pamoja na yote niliyonayo, analima ekari zake mwenyewe Michenga, anavuna mwenyewe na kuuza mwenyewe bei ikipanda. Nikimpa hela ananirudishia sukari ya thamani ileile. "Nina mikono," huniambia. "Siku nikianza kula kwa kukuangalia wewe usoni, nitakuwa nimeshazeeka." Mpunga wake ukilowa safari hii, siku hiyo imefika. Yeye alijua, na mimi nilijua.

"Mama, unasemaje?" nikamuuliza.

"Funga," akasema, macho kwenye mboga. "Lakini usimpite mtu."

Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza. "Haya msomi, hilo nalo lisomee."

Nikalisomea. Nikaenda Dar es Salaam, kwenye duka la vifaa vya magari lenye vioo na kiyoyozi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye suruali iliyombana mpaka nikamwonea huruma. Akanionyesha kava la kuviringisha, linaloingia lenyewe kwenye boksi. Zuri, lakini reli zake ni nyembamba, na vumbi la mashamba yetu lingezijaza kabla ya mwezi kuisha. Akanionyesha la faiba, kipande kimoja kinachofunguka kama boneti, linang'aa, rangi sawasawa na ya gari langu.

"Kaka, chukua hili. Gari linakuwa kali, mtaani watakukoma."

"Linabeba akina mama wangapi?"

"Wapi?"

"Juu yake."

Akaniangalia, akamwita mwenzake. "Oya, njoo usikie. Kaka anataka kupandisha wamama juu ya kava!" Wakacheka. Mimi nikavua viatu, nikapanda juu ya lile la faiba lililofungwa kwenye gari la maonyesho. Nilipofika katikati likanepa. Nikashuka. Nikaenda kwenye la tatu, la alumini, la vipande vizito vinavyokunjwa, jeusi, lisilo na urembo wowote. Nikapanda, nikatembea mpaka mwisho, nikarukaruka. Halikulalamika. Nikakagua raba za pembeni na mirija ya kutolea maji, nikamwagiza yule kijana amwage ndoo nzima juu yake, na ndani pakabaki pakavu.

"Hili," nikasema.

"Lakini kaka, hili halina muonekano."

"Muonekano ninao mimi."

Nilipofika nyumbani nikampa fundi wa kuchomelea kazi ya kuweka bomba za kushikia pande zote. Kava mpaka leo ni sanduku, sikatai. Lakini ni sanduku lenye viti juu.

Siku ya kuleta mavuno, tulipakia viroba vya mama vyote chini ya kava, nikafunga kufuli, nikampa mama ufunguo. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akaupita. Akakanyaga tairi, akashika bomba, akapanda juu kama msichana. Shangazi Tekla akamfuata huku akinitukana kwa Kindamba. Njiani nilisimama kwa kila aliyeinua mkono. Mvua ikaja, ile ile bila salamu. Nikasimamisha gari, nikatoa kichwa dirishani.

"Mama, njooni ndani!"

"Mpunga wangu uko chini yangu, niende ndani kufanya nini? Endesha!"

Nikaendesha polepole kwenye tope. Walianza kuimba kule juu, nyimbo za kupiga mpunga, wamelowa chapachapa. Watoto wangu walikuwa siti ya nyuma, vioo vimepandishwa, kila mmoja na simu yake. Nikawaambia, "Mnasikia bibi yenu?" Hawakusikia, walikuwa na vitu masikioni.

Tulipofika Kibaoni mama akafungua kufuli mwenyewe. Akaingiza mkono kwenye kiroba cha kwanza, kisha cha kati, kisha kile cha mwisho kabisa. Hakunisifu. Aligeuka akasema, "Shusheni. Na mwaka huu nauza nikitaka."

Shangazi akakamua khanga yake. "Bado ni sanduku," akasema, akaingia ndani kutafuta chai.

Hao wanaosema nimeifunga pikapu yangu nawajibu hapa hapa: sijamfungia mtu. Enzi za Mzee Kalisti tulipanda mpaka miguu ikaning'inia nje, mtu anashikilia mkanda wa mtu asiyemjua. Safari hii nilitoka Michenga mpaka Kibaoni, nimelichagua kava linaloweza kubeba ukoo mzima, na walioinua mkono njia nzima walikuwa akina mama wawili, wote wa umri wa mama yangu. Wengine walinipita na bodaboda zao, wameinamisha vichwa kwenye mvua, kila mtu na yake, hata mkono wa salamu hakuna. Nilitazama kwenye kioo nikaona vikongwe wanne wanaimba, na pembeni yao nafasi kubwa nyeusi inayopigwa na mvua.