Kikwembe ya Nafutalini

Haya hii naificha miaka ine, lakini Georgine alikuwa pale na alisikia kila neno, basi kuficha inanisaidia nini?

Georgine ni muke ya mutoto wangu Kabange. Alizaa mwanaume, bakamupa jina ya marehemu bwana yangu, Ilunga, na mimi nikasema bwana wangu amerudia (kwetu njo vile tunamuita mujukuu wa jina ile), na bwana habebwe na kitambaa ya ovyo. Nikafungua malle, sanduku yangu ya nguo, nikatosha kikwembe, kitenge yenye Ilunga muzee alininunulia wakati alikuwa anatumika ku reli, miaka yote imelala katikati ya nafutalini, bile bidonge byeupe bya kufukuza badudu.

«Mama, tuifule kwanza, inanuka.»

«Inanuka utajiri, mwanangu, utaijulia wapi?»

Nikafunika mutoto kichwa mpaka miguu, nikaita majirani ba Ruashi bakuye baone.

Siku ya tatu macho yake manjano, mikojo nyeusi sawa chai kali. Tukakimbia ku hopitali, na mule mu kuluwari, fasi ya kungojea munganga, mbele ya mama ya Georgine na bagonjwa bote, nikapandisha sauti:

«Georgine, ulikula nini na mimba? Ku kwenu muko na damu mubaya!»

«Mama Kabange,» mama yake akasema, «acha kwanza munganga aseme.»

Munganga, Docteur Solange, akainama, akanusa mutoto.

«Nani alileta hii kitambaa?»

«Mimi, nkambo yake, mama ya baba yake!» (Na kifua mbele, mama weye.)

Akanieleza polepole: kuko batoto banazaliwa na damu zaifu, nafutalini inapasua chembe za damu yao, moja moja, sawa povu ya sabuni, na manjano ile ni takataka ya chembe zenye zimepasuka. Kuluwari yote bakanigeukia. Afazali bangenicheka.

Georgine alitosha kikwembe ku mutoto, akaikunja muzuri, akaniwekea ku magoti.

Bakabadilisha damu, Ilunga akapona. Lakini manjano ilikuwa imekwisha kufika ku bongo, ikaua masikio. Mimi mwenye kujua majina ya bantu bote ba avenue yetu, namuita yeye nyuma ya mugongo, hageuke, mpaka Georgine aniguse mukono: «Mama, pita mbele, akuone.»

Kitambaa ya mutoto sitaitosha tena mu malle bila kufula na kuanika, na mama ya mutoto sitamupigia tena kelele mbele ya bantu. Georgine nilimuomba musamaha, akanipa. Kisha napita mbele ya Ilunga, ananiona, anacheka, ananinyooshea mikono, na mimi njo sijue fasi ya kuangalia.