Nani Aende kwa Nani

Shangazi yangu Lazarina ana kuku tisa, na kuku hao hutaga msimu mzima wa theluji, jambo ambalo kuku wenye akili zao hawalifanyi. Sababu ni klabu ya usiku iliyojengwa ukuta kwa ukuta na banda lao. Taa za zambarau zinawamulika mpaka alfajiri, muziki unawatikisa, na maskini wale wanadhani ni mchana tu moja kwa moja. Shangazi alikwenda kumlalamikia mwenye klabu mara moja. Aliporudi alipita bandani, akatoka na mayai saba kwenye aproni, na hilo suala hakulitaja tena.

Ndivyo tulivyo hapa Yelovets, kijiji cha mlimani. Kuanzia Desemba sisi ni mji: foleni, kelele, Waingereza wenye pua nyekundu wakitembea na viatu vya plastiki vya kutelezea kwenye theluji, kama farasi waliokosewa kwato. Aprili theluji inageuka tope, lifti zinasimama, mbwa wanalala katikati ya barabara kuu, nasi tunakumbuka kwamba tuna viazi vya kupanda. Mimi, Gerasim, mchana ni mtu wa lifti ya viti, ile inayoning'inia kwenye waya na kupandisha wageni mlimani. Kazi yangu ni kukalisha watu wazima ambao hawajui kukaa. Jioni navaa kizibao kilichotariziwa na kupuliza zumari lenye mfuko wa ngozi ya mbuzi unaobanwa kwapani, kwenye mgahawa wa Blagoy, nikimsindikiza shangazi akiimba; mwenzake wa miaka yote alikuwa Bi Kostadina.

Hao wawili waliimba pamoja tangu wana miaka kumi na minane mpaka wakafika sabini na tatu. Nyimbo zetu huimbwa na wawili. Mmoja anaongoza: maneno ni yake, madoido ni yake, sauti inapanda na kushuka atakavyo. Mwenzake anashikilia chini, sauti moja nzito isiyokwenda popote. Yule wa chini akinyamaza, wa juu anabaki ananing'inia kama abiria wangu umeme unapokatika. Na kwetu anayeongoza ni mkubwa kwa umri. Hilo halina mjadala.

Mjadala ni nani mkubwa. Walizaliwa majira mamoja ya baridi, mwaka ambao theluji ilifunga barabara hadi Aprili. Barabara ilipofunguka, baba zao waliteremka pamoja kwenda kuwaandikisha, wakapitia baa kwanza, na walipofika kwa karani hakuna aliyekumbuka tarehe hata moja. Karani akawaandikia watoto wote siku ile ile, akawafukuza. Shangazi alisema tangu usichanani kwamba mkubwa ni yeye, na kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa zaidi, akaongoza. Bi Kostadina hakukubali hata siku moja. Lakini alishikilia chini, miaka hamsini na mitano.

Kisha wakaja watu wa runinga. Walipiga picha jioni nzima pale kwa Blagoy, na Bi Kostadina akampigia simu binti yake aliyehamia ng'ambo, Valencia, akae tayari. Siku kipindi kiliporushwa, binti akaalika majirani, akatandaza vyakula. Wimbo ukaja, shangazi akaonekana kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi, na Bi Kostadina akaonekana mkono wa kushoto. Mkono wenyewe haukuwa mzima, kilikuwa kiwiko tu.

"Mama yako yuko wapi?" majirani wakauliza.

"Yule pale," binti akajibu, akionyesha kiwiko.

Tangu siku hiyo hawakusemeshana miaka minne. Waliimba kila jioni bega kwa bega, wakipumua mahali pamoja, kisha wimbo ukiisha kila mtu na ukuta wake. Maongezi yalipitia kwangu.

"Gerasim, mwambie huyo jana alichelewa kuingia," shangazi angesema.

"Gerasim, mwambie huyo mimi nimeingia ninapoingiaga. Yeye ndiye kaanza mapema, ana haraka ya kwenda kuonekana."

"Gerasim, umemwambia?"

"Shangazi, amekaa hapo. Bega lake linagusa lako."

"Sikuulizi bega."

Mtasema, si kuna Jumapili ya Msamaha? Ipo, kila mwaka, kabla ya Kwaresima, msimu ukiwa umepamba moto. Siku hiyo mdogo huenda kwa mkubwa, anabusu mkono, anasema "nisamehe", na mkubwa anajibu "Mungu akusamehe, nami nimekusamehe." Kisha mnakula halua nyeupe na habari inakwisha. Nimeona watu waliogombania mpaka wa shamba kwa miaka wakimaliza kwa dakika mbili. Tatizo ni kwamba mkubwa hatoki kwake. Mkubwa huandaa sahani, anaacha mlango wazi, anangoja. Basi kwa miaka minne wanawake wawili katika mtaa mmoja walikaa mchana kutwa na halua mezani na milango wazi, kuni zikiteketea kupasha moto barabara.

Mwaka jana Blagoy ndiye aliyeleta habari. Bi Kostadina anahama. Binti amemkatia tiketi ya kwenda Valencia, jumla jumla, na siku ya safari ni Jumatatu baada ya Msamaha, kwa kuwa ndiyo tiketi iliyopatikana. Mbuzi wake keshachukuliwa na mtu.

Jumapili hiyo nilimwachia mwenzangu lifti saa sita mchana, nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta amekaa mkabala na mlango wazi, koti mwilini, halua mbele yake. Kuku mmoja alikuwa ameingia na kujipasha moto kwenye jiko.

"Funga mlango," nikamwambia.

"Atakuja."

"Haji, shangazi. Naye amekaa hivi hivi. Nimepita pale, ana hadi machungwa."

"Mdogo ndiye anayekwenda."

"Anaondoka kesho. Ukikaa hapa mpaka Jumapili ya mwakani, atakayeingia mlangoni ni huyo kuku."

Alichukua kipande cha halua, akakirudisha.

"Kwani wewe hujui nikienda nimesema nini?" aliniuliza. "Nimesema mimi mdogo. Na mdogo haongozi. Nimebakiza nini kingine mimi, Gerasim? Mume sina, meno yenyewe ya kuazima. Nina ule wimbo."

"Kesho utauongoza na nani?"

"Toka nyumbani kwangu," akasema.

Nikatoka. Nina miaka hamsini na miwili na bado ananifukuza kama nimeiba sukari. Njiani nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira zaidi na karani yule aliyekufa zamani.

Jioni kwa Blagoy hapakuwa na kiti. Kulikuwa na Waingereza kumi waliomleta mwenzao kuagana na ukapera, na walikuwa wamemvisha vazi la ng'ombe, chuchu na kila kitu. Rakia, pombe yetu kali ya matunda, ya moto na yenye asali, ilikuwa inatoka jikoni birika kwa birika. Bi Kostadina alifika kwa wakati, kavaa mavazi yake ya wimbo, akasimama mahali pake pa kushoto. Shangazi hakuwepo. Blagoy alinikonyeza nianze peke yangu, nikapuliza nyimbo za kuchezesha watu, moja, mbili, tatu, mpaka mkono ukaniuma kwa kubana ngozi. Bi Kostadina alikuwa ametazama mlango. Nilimwona mara moja akijifuta jicho kwa pembe ya kitambaa, na moshi ndani haukuwepo, siku hizi ni marufuku kuvuta.

Shangazi aliingia na sahani ya halua imefunikwa taulo. Alipita katikati ya Waingereza akiwasukuma kwa kiwiko, akamkabidhi ng'ombe sahani aishike. Kisha akamwendea Bi Kostadina, akauchukua mkono wake, akainama, akaubusu.

"Nisamehe, dada," akasema. "Siku ile ya runinga nilikuona unasogea. Nikasogea mbele makusudi."

Watu wa kijiji waliokuwepo, wahudumu na Blagoy na mimi, tulisimama kama tumegandishwa. Wageni hawakujua kilichotokea, lakini nao walipunguza sauti. Bi Kostadina alimtazama kisogo kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya siku hiyo. Nikadhani atamwacha ameinama hapo mpaka basi la asubuhi.

"Mungu akusamehe," akasema mwishowe. "Nami nimekusamehe. Nyanyuka, mgongo wako mbovu."

Shangazi akanyanyuka, akazunguka, akaenda kusimama kushoto. Kushoto ni mahali pa anayeshikilia chini. Akanitikisia kichwa nianze, nikaijaza ngozi pumzi, naye akaweka ile sauti moja, nzito, isiyokwenda popote. Sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Ilikuwa nzuri.

Bi Kostadina akabaki mdomo wazi. Halafu akaongoza. Maneno yote alikuwa nayo, yamekaa sikioni mwake tangu ujana, lakini koo lake halijawahi kuyapandisha. Kwenye ubeti wa tatu sauti ilikwama na kukatika kabisa, na kama shangazi asingekuwa chini yake pale, wimbo ungeanguka sakafuni. Shangazi hakutetereka. Alishikilia mpaka mwenzake akapata pumzi na kupanda tena. Mimi nililia, sitaficha, na zumari la ngozi halikuachii mkono wa kujifutia. Ng'ombe alikuwa amekumbatia sahani ya halua kifuani kama mtoto wake.

Baadaye walikaa jikoni kwa Blagoy, juu ya makreti ya bia, wakila ile halua kwa vidole. Nami nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa na njaa.

"Lazarina," Bi Kostadina akasema. "Mkubwa ni wewe."

"Nani kasema?"

"Kitabu cha kanisa. Mwezi wa pili nilikwenda kwa kasisi kuchukua cheti cha ubatizo, nikifia huko wajue wanizike vipi. Kasisi wa enzi zile aliandika siku ya kuzaliwa ya kila mtoto. Umenizidi wiki tano."

Shangazi aliacha kutafuna.

"Mwezi wa pili? Na ukakaa kimya mpaka leo?"

"Ningesema, ingebidi mimi ndiye nije kwako. Na kiwiko cha runinga kilikuwa changu."

Nilisogea karibu na mlango, maana namjua shangazi. Lakini alicheka. Alicheka mpaka akashika meno yake yasitoke.

"Wiki tano," akasema. "Nami miaka yote hii nilikuwa nabahatisha."

"Nilijua unabahatisha. Ulikuwa unapiga kelele mno."

Asubuhi Bi Kostadina aliondoka na masanduku mawili na mtungi wa kabeji ya chumvi ambao sijui kama ulivuka uwanja wa ndege. Walikumbatiana mbele ya basi muda mrefu, dereva akapiga honi, shangazi akamtolea dereva maneno ambayo katika Kwaresima hayasemwi. Msimu uliofuata Blagoy alimletea mhudumu mmoja mwenye sauti nzito, wakaendelea. Shangazi anaongoza. Anasema mhudumu yule anashikilia kama mtu anayeshikilia ndoo ya mwenzake.

Kisha ikaja tena Jumapili ya Msamaha. Nilipofika kwa shangazi asubuhi nilikuta mlango umeachwa wazi, sahani imeandaliwa, naye koti mwilini.

"Unamngoja nani sasa?" nikamuuliza.

Kabla hajanijibu, simu ililia. Aliibonyeza mara tatu kabla ya kupata mahali penyewe, na sauti ikajaa jikoni.

"Ni mimi, mdogo wako," Bi Kostadina alisema kutoka Valencia. "Nimekuja. Nisamehe."

"Mungu akusamehe," shangazi akajibu, "nami nimekusamehe." Akavuta kiti. "Haya. Anza."

"Nianze mimi? Mkubwa si wewe?"

"Mkubwa ndiye anayesema. Anza."

Aliiegemeza simu kwenye sahani ya halua, akafumba macho, na Bi Kostadina alipoanza, yeye akashikilia chini.