Bawa la Mshazari

Habari ilimkuta dada mtu kwenye cherehani, akishona kola za sare za shule. Simu ikaita. Alikuwa Rangi, yule anayepaka rangi magari ya mashindano katika karakana aliyofanyia kazi mdogo wake.

"Dada, umekaa?"

"Uliona wapi mtu akishona amesimama? Sema."

"Mdogo wako, Limepita wetu, ameanguka. Pale pale kwenye meza yake ya kazi. Daktari anasema ni moyo." Rangi akavuta pumzi. "Hatunaye, dada."

Mguu wake haukusikia. Uliendelea kukanyaga cherehani, sindano ikapitiliza kola, ikakamata na kitambaa cha meza, vikashonwa pamoja. Alipoona alichofanya hakulia. Alichukua wembe akaanza kufumua, na kilio kikamjia akiwa katikati ya kufumua.

Kabla hajakata simu, sauti nyingine iliichukua, laini kama sabuni iliyolowa. Alikuwa Bosi, mwenye karakana. "Pole sana, mama. Mazishi tuachie sisi. Tutaleta na lile bawa la gari alilotengeneza, liwekwe juu ya jeneza. Nitasema maneno mawili matatu." Dada mtu aliona kinyaa hata kabla hajajua sababu yake.

Mdogo wake alikulia chini ya meza ile ya kushonea. Mama yao akiwa kwenye shughuli zake, dada ndiye aliyemlea, naye alicheza na vipande vya vitambaa kama wenzake walivyocheza na mpira. Alikuwa mtoto wa maswali. Alivuta kitambaa kwa kufuata uzi, kikagoma. Alikivuta mshazari, kona kwa kona, kikarefuka.

"Dada, mbona huku kinakataa, huku kinakubali?"

"Kwa sababu kina akili kukuzidi wewe. Rudisha, hiyo ni sketi ya mtu."

Alipokua akawa fundi wa magari ya mashindano, yale ya kiti kimoja, magurudumu yako nje na mabawa mbele na nyuma. Bawa la ndege humwinua ndege. La gari limepinduliwa ili upepo uligandamize gari chini, lisiruke kwenye kona. Mabawa hayo hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi nyeusi kilicholoweshwa gundi, kikapangwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, kisha kikaokwa kwenye tanuri mpaka kiwe kigumu kushinda bati. "Na mimi ni mshonaji," alikuwa akimwambia dada yake, "ila suruali zangu zinaiva kwanza ndipo zivaliwe."

Alikuwa na raha na kazi yake, Mungu ni shahidi. Kuna mwaka aligundua pezi dogo la kukaa pembeni mwa bawa la mbele, la kuusukuma upepo usigonge gurudumu. Wakaliita sikio. Wapinzani walipiga kelele. Wakaguzi wakafungua kitabu cha sheria, wakakipekua mwanzo mwisho, hawakuona mahali sikio lilipokatazwa. Msimu wote gari lilikimbia na sikio lake, na msimu uliofuata sheria mpya ikaandikwa ya kulikataza. Hakununa hata kidogo.

"Tuliona upenyo hadharani, wakauziba hadharani. Hiyo ndiyo raha ya mchezo," alisema. Sikio lenyewe alimpelekea mama, na mama akalifanya kizuizi cha mlango wa jikoni. Lipo hadi leo.

Lililokuja baadaye halikuwa na raha. Sheria inasema bawa lisipinde gari likiwa mwendoni. Mkaguzi hawezi kukimbia sambamba na gari, kwa hiyo hupima likiwa limesimama: huning'iniza uzito mahali maalumu, na bawa lisipoinama, limepita. Bosi akataka bawa litakalokaa kama ubao mbele ya mkaguzi, halafu barabarani, upepo ukishika kasi, lilale ili gari lipasue hewa kwa wepesi. Dereva akikanyaga breki, lisimame tena kama halijui kitu.

Limepita alijua namna. Pale panaponing'inizwa uzito alipanga nyuzi zikiwa zimenyooka. Kwenye ukingo wa nyuma alizilaza mshazari, huko ambako kitambaa hukubali. Alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na kazi ilikuwa nzuri ya kutia kichefuchefu.

Jumapili moja baada ya ibada alikuja kwa dada yake, akakaa, hakugusa chakula.

"Dada, kitu kikipita kipimo, si tayari ni halali?"

"Hata mwizi hupita getini. Amepita tu, hakuna aliyemhalalisha."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaenda nje bombani, akaanza kunawa, akijisugua kwa sabuni mpaka viwikoni kama mtu aliyeshika mzoga. Alisugua mpaka dada yake akatoka kumfungia maji.

Tangu siku hiyo Bosi akimuuliza mbele ya watu, "Fundi, bawa letu halali?" alijibu neno moja: "Limepita." Kila gari lilipotoka kupimwa, jibu ni hilo hilo, halizidi, halipungui. Wenzake wakalifanya jina lake. Bosi alicheka pamoja nao, akidhani ni utani.

Siku ya kuamkia mazishi, sebule ikiwa imejaa waombolezaji, Bosi aliingia akinuka marashi mpaka watu wakapiga chafya. Nyuma yake alikuja Rangi amebeba bawa lililofunikwa bendera ya timu. Walililaza kwenye kochi, wazee waliokuwa wamekaa hapo wakainuka. Bosi akamshika mama mkono kwa kiganja chake chenye jasho, akamwita "mama yangu," akataka apigwe naye picha, bawa likiwa katikati. Mama, ambaye masikio yake yamechoka, alikuwa akitabasamu na kulia kwa pamoja. Mwanawe alikuwa mtu mkubwa kumbe.

"Na kesho utasema nini?" dada mtu aliuliza.

Bosi akakohoa kidogo. "Kwamba bawa hili ni kazi yake, wazo lake. Kwamba yeye mwenyewe alituhakikishia ni halali."

Rangi aliinamisha kichwa. Jana yake alikwisha kumnong'oneza dada mtu jinsi bawa lilivyotengenezwa, kwamba wapinzani wamelalamika, na kwamba wakaguzi wanakuja kulivuta bawa kwa upande ambao hawajawahi kulivuta. Sasa dada mtu akaelewa Bosi alichokifuata msibani. Alitaka kumfukia maiti, na lawama aifukie humo humo. Mate yalimjaa mdomoni akayameza, kwa sababu ilikuwa nyumba ya msiba.

"Neno halali hakuwahi kulitamka. Muulize Rangi."

"Rangi anajua nani anamlisha," alisema Bosi kwa upole.

Rangi alikuna kidevu. Aliangalia bawa, akaangalia picha ya marehemu ukutani. "Alikuwa akisema limepita, Bosi. Sote tulimsikia."

"Si ni yale yale?"

"Anasemaje?" mama aliuliza. "Mwanangu alisemaje?"

"Alisema limepita, mama!" Rangi alipaza sauti.

"Limepita wapi?"

Watu waliangua kicheko huku wakijifuta machozi. Dada mtu alipiga magoti, akamweleza mama sikioni taratibu, kuanzia uzito unaoning'inizwa mpaka mwanawe alivyojisugua mikono bombani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchomoa mkono wake kwenye kiganja cha Bosi, akaufuta kwenye kanga yake, upande mmoja na upande wa pili.

"Kumbe umekuja mwanangu akubebee mzigo wako akiwa amelala," alisema. "Toa kitu chako kwenye kochi, baba. Watu wakae."

Siku ya mazishi mchungaji aliambiwa kwamba upande wa kazini hautakuwa na maneno. Bosi alisimama nyuma, miwani myeusi usoni, akiandika kwenye simu. Jeneza lilifunikwa kitambaa cheupe alichokikata dada mtu asubuhi, kwa kufuata uzi. Yeye ndiye aliyesoma habari za marehemu: kwamba alikuwa mtoto wa maswali, kwamba alibuni sikio likakatazwa naye akacheka, kwamba alitengeneza na bawa moja ambalo hakulipenda, na kwamba alipoulizwa kama ni halali alisema limepita. Akamwomba Mungu amsamehe kwa hilo na ampokee. Watu wakaitikia amina.

Wakaimba. Rangi na wenzake watatu wakashusha jeneza kwa kamba. Mama alirusha udongo wa kwanza, dada mtu akafuata, kisha wengine. Kaburi lilipojaa, mama aliuliza bawa liko wapi. Dada mtu akamwambia limebaki kwenye gari la Bosi. Wakaenda bombani kunawa mikono, wakarudi nyumbani.