Chandarua cha Mgeni

Juzi nilikuwa duka la dawa pale Mirongo, nyuma ya mama aliyempakata mtoto anayetetemeka kwa homa. Pembeni yake alisimama msichana wa Kizungu, mwanafunzi aliyeletwa kuishi kwao muhula mmoja, ameshika kiatu cha mtoto kilichodondoka.

"Hii malaria imempanda kichwani," alisema muuzaji. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Kwani halali kwenye chandarua?"

Mama alimgeukia msichana. "Mwanangu, hebu katutafutie bodaboda."

Msichana alipotoka, mama aliinamia kaunta. "Tunacho kimoja tu. Nimemfungia mgeni."

"Si ungewalaza pamoja?"

"Mgeni nimlaze na mtoto anayekojoa? Kwao akasimulie nini?"

Muuzaji alichukua kitambaa. Alianza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

Sisi hatujui kumkaribisha mtu nusu nusu. Kuku akichinjwa, mapaja ni ya mgeni, watoto wanagombania miguu na shingo, nasi tunajisifu kwa ukarimu. Tatizo ni kwamba mbu hajali nani mgeni, anakwenda palipo wazi.

Msichana alirudi na bodaboda, akamvisha mtoto kiatu, akamshika mama bega.

"Mama, usiogope," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Watu walinitisha sana habari za malaria, lakini kwako sijaumwa hata siku moja."

Mama alijitahidi kutabasamu, kama mwenyeji anavyopaswa.

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu," alisema, akapanda na mtoto wake.