Pua ya Ndege Iliyoelekea Kulia

Naapa, kama ningekuwa na pa kukimbilia siku ile, injini ile nisingeigusa.

Nilikuwa fundi wa redio pale Kibuli, chini ya msikiti. Enzi za wanajeshi, redio yenyewe ilikuwa kazi ya kuogopesha. Mtu akikuletea yake, unajiuliza kwanza alikuwa akisikiliza nini, halafu unajiuliza nani amemtuma. Basi siku moja gari la jeshi likasimama mlangoni, akashuka kapteni na ndege mkononi. Ndege ya kuchezea, ile ya kuongozwa kwa redio, na injini yake imo kwenye mfuko wa karatasi. Vitu vya Mhindi aliyefukuzwa nchini. Hilo hukuhitaji kuuliza.

"Fundi, funga hii injini. Jumamosi mkubwa anakuja kambini, nataka iruke mbele yake."

"Sawa, afande." Ungejibu nini? Mwenye nguvu mpishe.

Akaniachia askari wa kunilinda. Miwani ya jua usoni. Nikiinuka kunywa maji, naye anainuka. Muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, ambaye miaka yote hakuwahi kuuliza habari za kazi yangu, siku hiyo akaja kuuliza natengeneza nini. Tangu lini? Nikamwambia feni.

Sasa, injini ya ndege ndogo haifungwi ikatazama mbele sawasawa. Propela ikizunguka, ndege inavutwa kushoto. Kwa hiyo unachomeka vipande vyembamba vya bati nyuma ya injini, upande wa kushoto, ili pua ielekee kulia kidogo. Alinifundisha tajiri wangu wa zamani, Mhindi naye, aliyekuwa akirusha zake Jumapili upande wa Lubaga. Mtu mwema yule, na jina lake nisingelitamka mbele ya askari hata kwa dawa.

Nilipokaza skrubu ya mwisho, yule askari akavua miwani.

"Hii iko upande," akasema, akaenda kumwita kapteni.

Kapteni akaja, akaweka rula juu ya pua. "Umeipinda makusudi!"

"Ndiyo, afande, makusudi." Banange, jamani, ulimi wangu huu!

"Unataka ianguke juu ya mkubwa, eh? Nani ametuma wewe?"

Nikamweleza habari za propela. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema nimejifunza mwenyewe, na nikaona kabisa kwamba hakuamini.

"Nyoosha!"

Nikinyoosha, itageukia kushoto, itaanguka, na mimi nitafuata. Nisiponyoosha, nakwenda leo hii. Hasira ikanipanda ikashinda woga. Nikampa bisibisi.

"Nyoosha wewe, afande. Ikianguka, ijulikane ni mkono wa nani."

Akaishika. Akaitazama injini, kisha akamtazama askari wake, ambaye alikuwa anamtazama yeye. Lo! Kumbe yule hakuletwa kunilinda mimi peke yangu. Kapteni akairudisha bisibisi mezani taratibu.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Lakini utarusha wewe."

Jumamosi nikasimama kwenye uwanja wa gwaride, sanduku la redio la kuiongozea mikononi. Ndege ikakimbia kwenye majani, ikainuka, ikaenda moja kwa moja kama niliyoichorea mstari. Nilitaka kulia kwa furaha. Mkubwa akapiga makofi, na wote wakapiga.

"Nani ametengeneza?" akauliza akicheka.

Kapteni akaninyooshea kidole upesi. "Huyu, mzee. Fundi wa redio."

Mkubwa akaja karibu yangu. Alikuwa ameacha kucheka.

"Kwa hiyo wewe unaweza kupeleka ndege mahali popote," akasema, "na ndani hakuna mtu?"

Makofi yakakoma. Ndege bado inazunguka juu, lakini hakuna aliyeitazama. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikaanza kuishusha polepole, mikono nimeiweka wanapoiona.