Kizibao Kilichofumuka Kaunta

Jamani, siku hizi napita forodhani Tunduma nimeinamisha uso kama mkwe.

Mimi ni wakala wa kutoa mizigo, mhitimu wa masomo ya jioni, na mdomo wangu hufika mji jirani wa Mpemba kabla yangu. Nilikuwa na mzigo wa Mama Neema, vizibao vya shule vya kijivu. Shule zinafunguliwa, na visipotoka siku ile hana cha kuuza. Afisa akasema ni vya kitambaa cha kawaida. Nikabisha: ni vya kufuma kwa sindano, fungu lake la ushuru ni jingine!

"Mwanangu, usibishane na serikali," Mama Neema akaninong'oneza.

"Tulia, mama. Huu ndio usomi!"

Nikaigeukia foleni na kuihubiria kama mkutano wa injili, kaunta nikiipa mgongo. Kisha nikanyakua kizibao cha kijivu pale kaunta, nikakata uzi kwa meno, nikavuta.

"Kitambaa huchanika, cha kufuma hufumuka!"

Kikafumuka kweli, kitanzi baada ya kitanzi. Watu wakashangilia, nami nikavuta mpaka kikabaki mabega.

Afisa akatokea chumba cha ndani, kizibao cha Mama Neema mkononi.

"Nimekikagua vizuri, bwana mdogo. Ulisema kweli, ni cha kufuma. Mzigo utatoka."

Kisha akaona rundo la uzi miguuni pangu. Akainama, akaanza kuuokota taratibu.

"Hiki nilikivua kwa joto," akasema. "Alinifumia marehemu mama."