Dizeli ya Shemeji Kivuva

Kavutha hakuwa mtu wa kuiamini geji ya mafuta. Marehemu babake, dereva wa lori maisha yake yote, alimfundisha kuendesha gari katika vijia vya mtaa wa Mbotela na kumwonya kwamba mshale ule mdogo humdanganya mwenye gari kila uchao. Kwa hivyo, kwa miaka tisa aliyochukua vinyago kwa wachongaji wa Majengo na kuvipeleka madukani kwa gari lake la petroli, kila alipotia mafuta alishuka, akasimama kando ya pampu na kuikodolea macho. Wahudumu walimbandika jina: Mama Lita.

Basi Kivuva, ndugu wa marehemu mumewe, alipomjia na habari za gari la dizeli lililokuwa likiuzwa na rafiki yake, Kavutha alimsikiliza huku amekunja uso.

"Shemeji, petroli inakumaliza," Kivuva alisema. "Dizeli bei yake iko chini kidogo, tena lita moja inaenda karibu mara mbili. Mbona ujitese?"

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi? Nakuonea huruma tu."

Jibu hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Kivuva hakuwa na historia ya kumwonea mtu huruma.

Kavutha alitaka magari, lake na hilo la dizeli, yapimwe ulaji wa mafuta. Jumamosi asubuhi yote mawili yalijazwa mpaka shingoni katika kituo kimoja, yakapakiwa magunia sawa ya vinyago, yakashika njia moja: Majengo, Gikomba, Barabara ya Jogoo, kisha kurudi, mara kadhaa. Kavutha alitangulia na lake, Kivuva akafuata na dizeli. Katika kioo, Kavutha alimwona shemejiye akiegesha kando, akishuka na kuzunguka nyuma ya gari. Alipofanya hivyo mara ya pili, Kavutha alisimama akamngoja.

"Kulikoni?"

"Naangalia magurudumu tu."

Magurudumu gani hayo ya kuangaliwa mara mbili kabla ya saa sita?

Alasiri walirudi kituoni kujaza tena. Gari la petroli lilimeza lita saba. La dizeli, nne. Kivuva aliangua kicheko mpaka mhudumu akageuka. Kavutha hakucheka. Alikuwa na hakika kwamba shemejiye alikuwa akijiongezea mafuta njiani. Aliuendea mlango wa nyuma wa gari la dizeli, akaufungua, akavuta kando gunia kuukuu, na chini yake akakuta mtungi wa lita ishirini, umebaki robo.

"Haya! Na hii nayo?"

Alifungua kifuniko akanusa. Haukunuka kitu. Akachovya kidole.

"Ni maji, shemeji," Kivuva alisema kwa uchungu. "Umenifanya mwizi mbele za watu."

Kavutha aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alikwishafungua kinywa kuomba radhi, lakini swali jingine likatangulia.

"Maji ya nini?"

Kivuva akauchukua mtungi, akaurudisha chini ya gunia.

Jumatatu walimpelekea Benta gari hilo la dizeli, fundi wa kike mwenye karakana yake karibu na Gikomba. Alifungua rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, injini ikiwa baridi, akamwambia Kivuva awashe. Mapovu yakapanda kama uji.

"Mathe, hii inachemsha," Benta alimwambia Kavutha. "Kichwa cha injini kimepasuka. Utaokoa mafuta, halafu ununue injini."

Hapo ndipo Kivuva alipotoboa siri: rafiki yake alimwahidi shilingi elfu kumi gari likiuzwa, akamwambia tatizo ni dogo, aongeze maji tu na kunyamaza.

"Lakini kuhusu mafuta sikukudanganya," aliongeza.

Ni kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Kavutha zaidi. Alimtaka Benta akague na la petroli. Breki ya nyuma ilikuwa ikishika hata isipokanyagwa, plagi zimechoka. Baada ya matengenezo, njia ile ile ilitaka lita tano. Gari la dizeli lisilo na hitilafu bado lingeshinda, lakini kwa safari zake fupi za mitaani Kavutha aliona tofauti hiyo haitoshi kuwa sababu ya kununua gari jingine. Akipata oda za mbali, dizeli ataitafuta mwenyewe.

Kivuva alipotea karibu miezi miwili. Jumapili moja alibisha hodi, mkononi ana mkungu wa ndizi mbivu. Kavutha alimkaribisha, akamwekea chai, akawaulizia watoto. Kisha akazigeuza zile ndizi, moja moja.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Nimenunua sokoni, shemeji. Na pesa zangu."

Kavutha akaguna, akamenya moja, akampa aonje kwanza.